Usiizime kwenye Mteremko

Masika, mwanangu,

Umeshuka kwa fundi tangu saa nane, na mimi nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, kwenye zile kurasa za mwisho ulizoziacha tupu. Nimepiga pambizo ya vidole viwili kama nilivyofundishwa. Najua utacheka. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari kwa sababu wewe ulikuwa njiani, na tangu siku hiyo sijaandika kitu kirefu kuliko ripoti ya chanjo. Kwa hiyo mkono wangu bado ni wa msichana wa shule, na huenda mawazo yangu pia.

Sitakuandikia habari za soksi, wala maji ya kuchemsha, wala kufunga vitabu vyako kwa nailoni. Hayo nimeyasema wiki mbili mfululizo mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata mbuzi wamekwisha kuyajua." Nakuandikia yale ambayo kwa mdomo nayakimbia. Kila nikianza kuyasema, nasikia sufuria inaungua.

Mwalimu wetu wa lugha alikuwa mtawa mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitufundisha hivi: andika sentensi, isome kwa sauti, kisha jiulize kama ni kweli. Kama si kweli, usiifute. Ipige mstari, uandike ya kweli chini yake, ili uone ulikotoka.

Basi naanza. "Nimefurahi kwamba kesho unaondoka." Nimeisoma kwa sauti. Naipiga mstari. Ya kweli ni hii: nataka ufike, na sitaki uondoke.

Kesho alfajiri unatoka hapa Kipese na pikipiki nyekundu. Adhuhuri uwe Butembo, na kabla jua halijazama uwe Beni, Bungulu, nyumbani kwa Baba Amisi, mkuu wa msafara wenu. Keshokutwa baada ya sala ya alfajiri mnatoka pikipiki tano: Mbau, Oicha, Komanda, halafu msitu mpaka Kisangani, siku tisa kama mvua itawahurumia. Wanasema vita vimekwisha na njia imefunguka. Walisema hivyo mara mbili kabla ya hii. Lakini chuo cha udaktari kimekuandikia kwamba nafasi yako ipo, na barua hiyo umeilaza chini ya mto tangu ifike. Baba Amisi alipopanda hapa kuniona alinywa chai, akaitazama ile nyekundu, akasema, "Mama, iyi moto inakunywa mafuta kuliko mulevi, lakini itafika. Mutoto nitamuchunga kama wangu. Kungoya tu ndiyo sitangoya. Bale bengine bana mizigo." Ni mtu wa dini na mtu wa kazi. Neno lake halirudi.

Na pikipiki haina kiungo. Atashi ya mnyororo, kile kipande kidogo kinachounganisha ncha mbili, haionekani tangu Jumapili. Fundi Kasereka amejaribu za pikipiki zote za soko, hata ya Kambuzi, ile ndogo ya baba yako iliyolala jikoni. Zote ni nyembamba. Jana nilimsikia akikuambia, "Masika, iyi ya mapadre ni kama muzungu, chakula ya wenzake hapana kula. Nitakutengenezea yake na musumari."

"Itashika?"

"Itashika."

"Mpaka wapi, fundi?"

"Mpaka pale itaachia."

Mlicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na kapu la viazi, na sikucheka. Tutarudi kwenye kiungo hicho.

Nianze na Kambuzi. Unaijua kama chuma chenye kutu kinachobeba vitunguu jikoni, lakini ndiyo iliyonifundisha njia. Baba yako alishusha nayo maharage na viazi Butembo, na sauti yake ilikuwa kama mwanambuzi aliyeachwa na mama yake, ndiyo sababu ya jina. Nilipopata kazi ya chanjo kwenye kituo cha afya, mama mkwe alisema mwanamke hawezi kupanda kitu hicho na watu wakamheshimu. Baba yako alinipeleka kwenye uwanja wa shule siku ya mapumziko, akanikalisha, akatembea kando yangu. Niliishika ile mikono ya usukani mpaka vidole vikawa vyeupe. Akasema, "Hapana kamata yeye sana, Mama Masika. Unamukamata kama mwizi. Mukamate kama mutoto ya mutu."

Mwanangu, sijapata fundisho jingine lililonifaa hivyo barabarani, na nililitumia barabarani tu. Nyumbani sikulitumia. Nyumbani nilishika kama mwizi.

Kambuzi ilikuwa nyepesi. Ikizama kwenye tope ulishuka, ukaibeba kama mtoto mgonjwa, ukaendelea. Baadaye kazi ilinipa pikipiki nyeupe, mpya, yenye kiti laini na chuma cha nyuma cha kufungia sanduku la barafu. Ile ilinidanganya. Juu yake sikusikia uchovu, nikadhani sichoki. Nilipita Butembo mpaka Beni, nikachukua dawa, nikarudi mpaka huku juu, mbio na barafu, maana barafu ndiyo ilikuwa saa yangu: ikiyeyuka, dawa imekufa. Saa ya sita ya safari mwili hunyamaza. Unadhani umezoea, kumbe mwili umeacha kukuambia ukweli. Mara mbili niliamka nikiwa kwenye majani kando ya njia, injini bado inanguruma. Mwili ukinyamaza, simama. Hilo ndilo agizo langu pekee la safari, na ninayo alama yake gotini.

Ile nyeupe ilichukuliwa kwenye bariere moja, kizuizi cha askari, mwanzo wa vita vya pili. Askari alisema, "Mama, shuka. Moto inaenda kazi ya État, ya serikali."

Nikauliza, "Na chanjo?"

"Chukua kisanduku yako. Sisi hatuko batoto."

Nilitembea siku moja na nusu na sanduku kichwani. Nilipolifungua kituoni, chupa zilikuwa zinaelea kwenye maji ya vuguvugu, na akina mama walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi. Niliwaambia warudi nyumbani. Siku hiyo nilijifunza chuki ya kupoteza kitu. Nilianza kuhifadhi kila kitu: vipande vya sabuni, misumari iliyopinda, kikombe cha mwisho cha mafuta. Watu wa mlima wetu wamezaliwa hivyo, lakini mimi nilizidi.

Kisha ikaja hii nyekundu. Padri mgeni alipoondoka aliiacha mikononi mwa baba yako. Ni nzito, ni mzee, mnyororo wake mnene kama kidole, na haipendi kulazimishwa. Kwenye mawe, simama juu ya vikanyagio, legeza viwiko, iache itafute njia yake chini yako. Hayo unayajua. Fundi amekufundisha vizuri kuliko ambavyo ningekufundisha, kwa sababu mimi nilikataa.

Sasa nakuja mahali penyewe. Naandika: "Baba yako aliuawa na askari kwenye bariere." Sentensi hiyo nilikupa ulipokuwa na miaka kumi na tano, na umeibeba miaka minne. Nimeisoma kwa sauti sasa hivi. Si uongo. Lakini mwalimu wangu angeitazama juu ya miwani yake na kungoja.

Ya kweli ni ndefu zaidi. Tulikuwa tunatoka Butembo na dawa. Mimi ndiye niliyeendesha, baba yako alikaa nyuma na sanduku mapajani. Mafuta yalikuwa hayapatikani, yaliuzwa kwa chupa kama dawa ya macho. Unajua desturi ya waendesha pikipiki wote wa huku: mteremko ukianza, unazima injini na kuiacha pikipiki ishuke yenyewe. "Mulima ni bure," tunasema. Tulivuka kilele, nikazima. Ukimya ukaja, ule mzuri, unaosikia upepo na mnyororo tu.

Baba yako akasema sikioni mwangu, "Washa, Mama Masika. Batusikie."

Nikasema, "Tutawasha pa daraja."

"Washa. Leo sipendi hii kimya."

"Mulima ni bure, Baba Masika. Kunywa hewa."

Alicheka kidogo. Ndicho kitu cha mwisho nilichosikia kwake.

Juu ya daraja, nyuma ya kona, palikuwa na kamba ya migomba ambayo asubuhi haikuwapo. Askari walikuwa watatu. Walikuwa wamekaa na mgongo kuelekea mlimani, wanachoma mahindi. Tuliwatokea kama kitu kilichodondoka kutoka juu. Mmoja alipiga kelele kabla ya kupiga risasi, nakumbuka hivyo, alipiga kelele kwanza. Risasi ilipita juu ya bega langu. Baadaye, nikiwa nimekaa barabarani na kichwa cha baba yako kwenye kitenge changu, yule aliyepiga, kijana mdogo, alirudia, "Mulikuja kama bachawi! Mutu gani anakuja bila sauti? Mutu gani?"

Miaka minne nimekuwa namjibu hapa jikoni, nikichambua maharage. Simsamehe. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Kwenye tangi kulikuwa na mafuta ya kutosha kufika nyumbani na kubaki. Nilikuwa naokoa kikombe kimoja.

Nyekundu ilirudishwa na watu wema, nikailaza chini ya magunia, nikaacha kazi. Tangu hapo sijavuka daraja. Unajua kilima chetu kina njia moja, inashuka Butembo na kupanda. Kila kundi la askari lililoishika njia hiyo lilisema limekuja kutukomboa, na kila mara tulibaki palepale. Lakini siku zote zilizokuwa wazi pia sikushuka. Nimekuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba, anaujua mduara wake tu, na nyasi za mduara huo zimekwisha. Naijua mikaratusi iliyo nyuma ya nyumba mmoja mmoja. Ninajua upi hulia upepo ukitoka upande wa ziwa.

Ningejifunga peke yangu, isingekuwa kitu. Ulipopata nafasi kwenye shule ya masista Butembo, nilisema barabara ni mbaya. Mwaka uliofuata barabara ilikuwa nzuri, nikasema mgongo unaniuma, nani atachota maji. Mgongo haukuniuma. Ukabaki, ukasoma hapahapa kwa taa ya kibatari na vitabu vya kuazima, ukapasi kuliko wale wa mjini. Halafu siku moja nikarudi kutoka shambani nikakuta magunia yamesogezwa, na nyekundu imesimama uani imeoshwa, na wewe una grisi mpaka kwenye nyusi. Hukuniomba ruhusa. Ulisema, "Mama, ilikuwa inalia huko chini." Nilitaka kukupiga. Nikaenda kuteka maji, na kule kisimani nikagundua kwamba ninatabasamu. Hilo pia ni kweli, na naomba ulikumbuke utakaposoma yanayofuata.

Kiungo cha mnyororo hakikuanguka chenyewe. Nilikitoa mimi.

Jumapili ulibaki kanisani baada ya misa kuwaaga wenzako. Nilichukua koleo ya baba yako, nikapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma. Hakikukawia. Kiliruka kikaingia kiganjani mwangu kama kilikuwa kinanijua. Nilijiambia: ni siku tatu tu. Baba Amisi hatangoja, wataondoka wanne, na mwaka ujao njia itakuwa salama zaidi, mwaka ujao nitakuwa tayari. Uliporudi ukakuta mnyororo umelala chini, ukashika kichwa. Ukatembea kwa magoti uani kote, mpaka mlangoni, unapapasa vumbi. Na mimi nikaleta ungo. Nilipepeta vumbi pamoja nawe, Masika, mchana kutwa, natafuta kitu kilichofungwa kwenye ncha ya kitenge nilichovaa. Jioni ukanishukuru. Ukasema, "Mama, wasingya, hakuna mutu angenisaidia hivi." Tangu hapo sijala vizuri. Ulidhani ni huzuni ya kuagana.

Nilifikiri, bila kiungo hakuna safari. Nilisahau nimemzaa nani na kumlea wapi. Mtoto wa mlima huu hawezi kukaa kwa kukosa kipande cha chuma kidogo kama kucha. Leo adhuhuri nilipita kwa fundi, nikakiona alichotengeneza. Ni kizuri kwa macho. Msumari umekatwa, umenyooshwa, umepigwa nyundo kwenye ncha. Nimeendesha miaka kumi na moja. Nakijua chuma laini kikivutwa na mnyororo ule mnene na uzito wa vitabu vyako. Kitakubeba kwenye tambarare na utakisifu. Kitaachia kwenye mteremko, kabla ya daraja, au siku ya tano ndani ya msitu, na mnyororo ukikatika hujizungusha kwenye gurudumu la nyuma na kulifunga ghafla. Na pikipiki iliyofungwa nyuma haimwulizi mtu anakwenda chuo gani.

Nilisimama pale na viazi vyangu. Fundi akasema, "Mama Masika, unaangalia kama unataka kuinunua." Nikasema namtafuta mbuzi. Nikapanda nyumbani, nikachukua daftari.

Mara ya kwanza nilihifadhi kikombe cha mafuta. Mara hii nilitaka kukuhifadhi wewe. Naona ni mkono uleule.

Kiungo kimo ndani ya barua hii, kwenye kipande cha kitenge. Ni chenyewe, na kile kibanio chake hakijapinda, nilikitunza vizuri, kutunza ndiyo kazi ninayoiweza. Barua nitaiweka ndani ya kofia yako ya pikipiki, ambayo hulali bila kuipangusa, ili uisome leo, si kesho. Ukimaliza, mimi niko jikoni. Ukitaka kuja kwanza kwangu, njoo. Ukitaka kwenda kwanza kwa fundi, nenda, kwa sababu fundi hulala mapema na mimi silali. Mwambie atoe msumari wake. Mwambie pia ni nani aliyekitoa kiungo, ukipenda. Nitaisikia habari hiyo sokoni kwa miezi, na ni haki yangu.

Sikuombi unisamehe kwa saa moja. Unaweza kuondoka na hasira. Hasira haina uzito mkubwa kwenye pikipiki, niliwahi kubeba hasira ya mama mkwe mpaka Beni na kurudi. Uongo ndio mzito, na huo sasa nimeushusha.

Angalia fundi anapokifunga. Kile kibanio kina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Upande uliofungwa utangulie, kuelekea kule mnyororo unakokwenda. Kikigeuzwa, njia itakifungua. Baba yako alikuwa akikagua hilo kila asubuhi kwa kidole gumba, hata kabla ya kusema habari ya asubuhi.

Na kesho usiizime. Ukivuka kilele, iache ingurume mpaka chini, hata kama mafuta ni kidogo, hata kama wenzako wa msituni watazima na kukucheka. Wote walio mbele yako wasikie kwamba anakuja mtu. Nitakuwa nimesimama kwenye mikaratusi. Kutoka pale sauti hupanda vizuri, kona kwa kona, mpaka daraja. Kwenye daraja piga honi mara tatu, nijue umevuka.

Halafu nitarudi ndani. Nimekwisha kumwambia fundi kwamba baada ya safari yako aje aitazame Kambuzi. Aliniuliza, "Ya kuuza?" Nikasema hapana. Barua zako zitafika Butembo, parokiani, na hakuna mtu wa kuzipandisha huku. Magurudumu hayana hewa, na mimi sina uhakika na goti langu. Lakini nimeondoa vitunguu juu ya kiti chake, na nimekipangusa.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni wewe unapanda. Naacha hapa, sijasoma tena nilichoandika, na sehemu nyingine zingehitaji mstari. Ya mwisho nimeisoma kwa sauti kabla ya kuiandika:

Nenda, Masika.

Mama yako, aliyekitoa, na anayekirudisha